Kupoza Jengo kwa Mabomba ya Maji Baridi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mfumo huu ni upi, na unatofautianaje na kiyoyozi?

Kiyoyozi cha kawaida hupoza hewa, na hewa hiyo ndiyo inayompoza mtu. Mfumo wa kupoza kwa mnururisho hupoza nyuso za chumba zenyewe, yaani sakafu, dari au ukuta, kwa kupitisha maji baridi katika mabomba membamba yaliyozikwa ndani ya zege au yaliyobanwa nyuma ya paneli za dari. Uso uliopoa hupokea joto linalotoka mwilini mwa watu, kwenye samani, taa na kuta nyingine, bila kungoja hewa ilibebe. Kwa desturi ya wahandisi, mfumo huhesabiwa kuwa wa mnururisho pale ambapo zaidi ya nusu ya joto linaloondolewa chumbani huondoka kwa njia hiyo.

Ngozi ya mtu aliyetulia ina nyuzi joto 33 au 34 hivi, na mwili hauachi kutoa joto kuelekea kila kitu kilicho baridi kuliko wenyewe. Kwa hiyo, mahali ambapo hewa haivumi kwa nguvu, joto analolihisi mtu hukaribia wastani wa joto la hewa na joto la nyuso zinazomzunguka. Chumba chenye hewa ya nyuzi 28 na nyuso zenye wastani wa nyuzi 24 huhisiwa kama chumba cha nyuzi 26. Ndiyo maana pia chumba kilicho chini ya bati lililopigwa na jua la saa nane mchana huendelea kuchoma hata kiyoyozi kikiwa kimewashwa: hewa imepoa, lakini dari ingali inamwaga joto juu ya vichwa vya watu.

Kwa nini husemwa kwamba unapunguza matumizi ya umeme?

Sababu ya kwanza ni joto la maji yenyewe. Mitambo ya viyoyozi vya majengo makubwa kwa kawaida huzalisha maji ya nyuzi 6 au 7, kwa sababu maji hayo hutakiwa kupoza hewa na kuikausha kwa wakati mmoja. Dari au sakafu hutosheka na maji ya nyuzi 15 hadi 18, na kompresa (mashine ya mtambo inayokandamiza gesi ya kupozea) inayotengeneza maji ya kiasi hicho haifanyi kazi ngumu kama ile inayolazimishwa kushuka hadi 6. Sababu ya pili ni kwamba maji hubeba joto vizuri mno kuliko hewa: lita moja ya maji hubeba, kwa kila nyuzi moja, joto linalohitaji takriban lita 3,500 za hewa. Pampu ndogo hufanya kazi ambayo ingehitaji feni kubwa na mikondo mipana ya bati juu ya dari.

Mfano unaostahili kutajwa uko Hyderabad, India, katika jengo la ofisi la kampuni ya Infosys lililoanza kutumika mwaka 2011. Wahandisi waliligawa jengo hilo nusu kwa nusu: upande mmoja uliwekewa mfumo bora wa hewa baridi, na upande wa pili ukawekewa mabomba ya maji ndani ya zege, huku watu, madirisha na saa za kazi vikifanana. Upande wa mabomba ulitumia umeme wa kupoza pungufu kwa takriban theluthi moja, na gharama za kujenga za pande zote mbili zilikaribiana sana. Upande ulioshindwa haukuwa wa viyoyozi vibovu, na hilo ndilo linaloupa ulinganisho huo uzito.

Lakini akiba hiyo haiji yenyewe. Mara nyingi mtu hununua mtambo mmoja wa maji ya nyuzi 7, kisha huyachanganya maji hayo na yale yanayorudi ili yapande hadi nyuzi 16 kabla ya kuingia sakafuni. Chumba kitapoa, lakini kompresa imekwisha kufanya kazi ya nyuzi 7 na umeme umekwisha kulipiwa. Anayepewa makisio ya bei na aulize swali hili kabla ya mengine yote: maji ya sakafuni yanatengenezwa na mtambo upi, na kwa nyuzi ngapi?

Je, sakafu au dari haitatoa jasho?

Itatoa, iwapo mfumo umesanifiwa vibaya. Hili ndilo swali kuu la teknolojia hii katika mwambao wetu, na muuzaji anayelipita haraka hafai kusikilizwa zaidi.

Hewa yote ina mvuke wa maji ndani yake, na kila hewa ina kiwango chake cha umande, yaani joto ambalo uso wowote ukifikia au ukishuka chini yake, mvuke hugeuka matone juu ya uso huo. Chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji hulowa kwa sababu hiyo hiyo. Hewa ya chumba yenye nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 50 ina kiwango cha umande cha nyuzi 14 hivi, kwa hiyo dari ya nyuzi 18 hubaki kavu kabisa. Chumba cha nyuzi 27 chenye unyevu wa asilimia 60 kina kiwango cha umande kinachokaribia nyuzi 19, na dari ile ile ya nyuzi 18 imekwisha kuanza kulowa. Hewa ya nje ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 70, ambayo mkazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja anaijua vizuri katika miezi ya kaskazi, ina kiwango cha umande cha nyuzi 25. Hewa hiyo ikiingia kwa wingi katika chumba chenye sakafu ya nyuzi 20, vigae vitakuwa na utelezi ndani ya muda mfupi, na dari ya jipsamu itaanza kuota kuvu baada ya siku kadhaa.

Dawa yake si kuacha kupoza bali ni kukausha hewa kwanza. Katika mfumo uliosanifiwa vyema kazi hugawanywa: mabomba huondoa joto, na mtambo mdogo wa hewa safi huondoa unyevu. Mzigo wa mtambo huo si mdogo. Chukua ofisi ya watu 10, kila mtu akipewa lita 10 za hewa ya nje kwa sekunde. Hiyo ni mita za ujazo 360 kwa saa, na kila mita ya ujazo ya hewa ya pwani huingia na takriban gramu 11 za maji zaidi ya kiasi kinachovumilika ndani. Hesabu hiyo inakaribia lita 4 za maji kila saa zinazopaswa kutolewa hewani, hata kabla ya kuhesabu pumzi na jasho la watu wenyewe, ambao kila mmoja akiwa ameketi huongeza gramu kati ya 50 na 100 kwa saa.

Zaidi ya hapo, kila eneo huwekewa kihisi cha unyevu, na kidhibiti hupandisha joto la maji au hufunga valvu pale kiwango cha umande kinapokaribia joto la uso. Mahali panapofunguliwa madirisha kila mara, kihisi hicho kitafunga maji kutwa nzima, na mwenye nyumba atalalamika kwamba mfumo haupozi.

Basi unafaa kwa nyumba ya kawaida ya pwani?

Kwa nyumba nyingi, hapana. Ni afadhali kulisema hilo wazi. Nyumba ya pwani ni ya madirisha ya nyavu, mlango unaofunguka kila dakika, jiko linalochemka na watoto wanaoingia na kutoka. Hewa yake haiwezi kudhibitiwa bila kubadilisha namna watu wanavyoishi. Mwenye nyumba ya namna hiyo atafaidika zaidi akitumia fedha zake kwa baraza pana, paa jeupe, dari iliyohamiwa joto, pangaboi, na kiyoyozi kidogo katika vyumba vya kulala. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe zilikwisha kutuonyesha kiasi gani kuta nene na vivuli vya vichochoro vinaweza kufanya kabla ya mtambo wowote kuwashwa.

Hali hubadilika kwa jengo ambalo madirisha yake hayafunguliwi: ofisi, maktaba, benki, ukumbi wa hoteli, jengo la abiria la uwanja wa ndege. Huko hewa ya nje huingia kwa mlango mmoja unaojulikana, yaani kwenye mtambo wa hewa safi, na inaweza kukaushwa kabla haijamfikia mtu. Ushahidi mkubwa wa jambo hili ni uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi jijini Bangkok, uliofunguliwa mwaka 2006 katika hali ya hewa isiyopungua ya Dar es Salaam kwa joto wala kwa unyevu. Kumbi zake ndefu za kioo zina sakafu zenye mabomba ya maji baridi, na hewa iliyokaushwa hutolewa chini, karibu na abiria, huku hewa ya moto ikiachwa itande juu karibu na paa ambako hakuna mtu. Huko Guangzhou, China, jengo la Pearl River Tower lenye ghorofa 71 nalo hutumia paneli za dari zenye maji baridi katika hali ya hewa yenye unyevu mwingi.

Na bara, je? Na Ghuba?

Dodoma ni mahali pazuri zaidi kwa mfumo huu kuliko pwani. Mchana wa nyuzi 30 wenye unyevu wa asilimia 35 una kiwango cha umande cha nyuzi 13, na hapo dari ya nyuzi 18 ina nafasi ya kutosha ya usalama hata mtu akisahau dirisha wazi. Usiku wa bara hupoa, na mara nyingi maji yanaweza kupozwa kwa mnara wa uvukizaji, yaani mnara unaopoza maji kwa kuacha sehemu yake igeuke mvuke, peke yake, kompresa ikiwa imezimwa. Nairobi kwa sehemu kubwa haina haja ya mtambo wa kupoza. Jengo lenye kivuli na madirisha mazuri hujitosheleza, isipokuwa ofisi zilizojaa kompyuta na vioo.

Kwa wasomaji walioko Oman, tofauti ya pwani na bara ni ile ile. Muscat wakati wa kiangazi huunganisha joto kali na unyevu wa bahari, kwa hiyo kukausha hewa ni lazima. Nizwa, iliyo ndani, ni kavu zaidi, na huko shida kubwa ni wingi wa joto lenyewe linalopenya paa na vioo.

Wengine huuliza kama ardhi inaweza kupoza maji bure. Mita kadhaa chini, ardhi hukaa karibu na wastani wa joto la hewa wa mwaka mzima. Dar es Salaam wastani huo ni nyuzi 26 hivi, kwa hiyo ardhi haina baridi ya kukopesha. Jumba la sanaa la Kunsthaus Bregenz nchini Austria, lililofunguliwa mwaka 1997, hupoza zege lake kwa maji yanayozungushwa katika kuta za msingi zilizozama ardhini, lakini ardhi ya huko ni ya baridi.

Ni bora kuweka mabomba sakafuni au darini?

Kwa kupoza, dari hushinda. Hewa iliyopoa juu hushuka na kuacha nafasi kwa hewa ya moto, na hivyo dari huondoa takriban wati 11 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati yake na chumba. Sakafuni hewa baridi hulala pale pale, na kiasi hicho hushuka hadi karibu wati 7.

Tuchukue sebule ya mita za mraba 20 yenye nyuzi 26. Sakafu ya nyuzi 20 itaondoa wati 42 kwa kila mita, jumla wati 840. Dari ya nyuzi 18 itaondoa wati 88 kwa mita, jumla wati 1,760. Kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000 huondoa takriban wati 2,600. Sasa weka kwenye sebule hiyo kioo cha mita 3 za mraba kinachotazama magharibi bila kivuli: jua la alasiri linaweza kuingiza zaidi ya wati 1,500 kupitia kioo hicho peke yake, na sakafu nzima imekwisha kushindwa kabla wageni hawajaketi. Kwa sababu hiyo, mhandisi makini huanza na madirisha na vivuli, ndipo afike kwenye mabomba.

Sakafu ina mahali pake hata hivyo. Pale jua linapoanguka moja kwa moja juu yake, kama katika kumbi za kioo za Bangkok, sakafu baridi hulimeza joto hilo hapo hapo, na uwezo wake unaweza kufikia wati 100 kwa mita. Lakini sakafu haitaki kufunikwa. Zulia nene, busati au magodoro ya kukalia huwa kizuizi kati ya mabomba na chumba, na kwa hiyo msikiti wenye mazulia ya ukuta hadi ukuta uwekewe paneli za dari, si sakafu.

Je, sakafu baridi haisababishi baridi yabisi au kichomi?

Kichomi huletwa na vimelea, na baridi yabisi haisababishwi na kigae. Hata hivyo, malalamiko ya miguu baridi ni ya kweli, hasa kwetu ambako viatu huachwa mlangoni. Viwango vya kimataifa vya starehe huzuia uso wa sakafu usishuke chini ya nyuzi 19, na kwa nyumba ambamo watu hutembea miguu mitupu na watoto hutambaa, nyuzi 21 au 22 ni bora zaidi. Kwa upande mwingine, mfumo huu hauna upepo wa kumpiga mtu shingoni wala kelele. Tahadhari moja ya kiafya ni kwamba mabomba hayaleti hewa safi hata kidogo. Chumba kisicho na njia ya hewa kitakuwa kizito, hata kikiwa baridi.

Sakafu ya Msikiti Mtakatifu wa Makka ina mabomba ya maji baridi chini yake?

Swali hili huulizwa na karibu kila aliyerudi kutoka hija au umra. Wasimamizi wa msikiti wamelikanusha jambo hilo. Marumaru nyeupe ya eneo la kutufu hutoka kisiwa cha Thasos, Ugiriki. Huakisi sehemu kubwa ya mwanga wa jua badala ya kuunyonya, na ndiyo maana mguu hauungui. Huo nao ni udhibiti wa joto la mnururisho, lakini bila pampu, na mwenye paa la bati Temeke au Likoni anaweza kuiga kanuni yake kwa rangi nyeupe.

Kuna mfano wowote unaohusiana na Afrika?

Jengo linalotajwa mara nyingi ni Eastgate la Harare, lililokamilika mwaka 1996 na kusanifiwa na Mick Pearce. Hilo halitumii maji baridi. Hutumia hewa ya usiku kupoza zege, na zege hilo hupunguza joto la mchana. Msanifu huyo huyo alishiriki baadaye katika jengo la Council House 2 jijini Melbourne, lililofunguliwa mwaka 2006, ambako paneli za dari zenye maji baridi zilitumika kweli. Wanaochanganya majengo hayo mawili huishia kuahidi mambo ambayo Eastgate haikuyafanya.

Umeme ukikatika inakuwaje?

Hapa zege lina faida ambayo kiyoyozi hakina. Sakafu au dari nene iliyopozwa hubaki baridi kwa saa kadhaa baada ya mtambo kuzimika, na pampu zenyewe ni ndogo kiasi cha kuendeshwa na betri: ile sebule ya wati 840 inahitaji lita 3 tu za maji kwa dakika. Hatari iko upande wa pili. Watu wakiona umeme umekatika hufungua madirisha, hewa ya pwani huingia, na uso uliobaki baridi huanza kulowa papo hapo. Vivyo hivyo, jengo lililofungwa wikendi nzima lisirudishiwe maji baridi asubuhi ya Jumatatu kabla hewa haijakaushwa. Mtambo wa hewa hutangulia, mabomba hufuata.

Uzito huo huo wa zege una ubaya wake: haupokei amri haraka. Chumba cha mkutano kinachojaa ghafla watu 40 hakiwezi kutegemea zege peke yake, ila paneli nyepesi za chuma, ambazo hubadilika kwa dakika.

Inawezekana kuufunga katika jengo lililokwisha kujengwa?

Inawezekana kupitia dari. Paneli za chuma huning'inizwa mahali pa dari ya zamani, au mikeka ya mirija ya plastiki yenye unene wa milimita chache hufunikwa kwa plasta nyembamba. Kuvunja sakafu nzuri ili kuzika mabomba si jambo la kupendekezwa.

Bomba likivuja ndani ya zege, tutavunja jengo?

Kuvuja ni kwa nadra iwapo kila mzunguko wa bomba ni mmoja bila kiungo ndani ya zege. Viungo vyote vikae kwenye kisanduku cha mgawanyo ukutani, ambako fundi anaweza kuvifikia. Bomba la plastiki la milimita 16 lililotandazwa kwa nafasi ya sentimita 15 au 20 juu ya nondo lisipite urefu wa mita 100 kwa mzunguko mmoja, la sivyo pampu itahangaika. Kabla ya kumwaga zege, mabomba hujazwa maji na kupimwa kwa shinikizo la baa 4 hadi 6, na geji huachwa ikisomeka wakati wote wa kumwaga, ili koleo au mtetemeshi wa zege ukitoboa bomba, sindano ishuke mbele ya macho ya watu na bomba litengenezwe zege likiwa bado bichi.

Mabomba yenyewe yawe na tabaka la kuzuia oksijeni, kwa sababu hewa inayopenya plastiki hutia kutu pampu na sehemu za chuma. Adui mkubwa zaidi, hata hivyo, huja baada ya miaka: fundi wa kabati au wa mapazia anayetoboa dari kwa drili bila kuuliza. Piga picha za kila chumba kabla zege halijamwagwa, futi ya kupimia ikionekana ndani ya picha, na nakala moja ibandikwe ndani ya mlango wa kisanduku cha mgawanyo.